Mwenza wa Kwenye Bima

Nina hoteli ya chakula kando ya barabara kuu pale Mikumi. Bima ya afya ya wafanyakazi peke yangu nisingeiweza hata kwa kuota, kwa hiyo niliungana na jirani yangu mwenye gereji na fundi cherehani tukawa kikundi, tupate bei nafuu. Sharti lilikuwa moja: kila mfanyakazi ajiunge. Mmoja akigoma, wote tumekosa. Nami roho yangu ilikuwa kwa mpishi wangu. Ana presha, na siku hizo kila akiinuka anashika ukuta.

Ofisa wa bima akaja kutoka Kilosa, kijana mpole, shati kalichomekea. Akaanza na mpishi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Bima hii ni yako na mwenza wako. Mwenza wako anaitwa nani?"

Mpishi akaweka mwiko chini. Ana mke mwenza huko Tindiga, bi mdogo, na jina la yule mwanamke lilikuwa halijapata kutajwa jikoni kwangu.

"Yaani nikatwe mshahara nimtibie yule? Mume kanichukulia, na bima nimlipie? Sitaki! Bora nife na presha yangu!"

Akaingia stoo akajifungia. Wateja wakasubiri maharage. Mwenye gereji akaja kunifokea mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeoa wawili. Nilikasirika kwelikweli. Hivi huko maofisini neno mume limewakosea nini?

Kijana alipoelewa, akasogea mlangoni. "Mama, mwenza ni baba. Mumeo."

"Mume wangu haumwi," sauti ikatoka ndani. "Anakula huku, anakula kule, anang'aa tu." Kisha akashusha sauti. "Siwezi kumtoa yeye nikamwandika yule? Ana mimba. Ile ya kwanza nusura imuue."

Kijana akasema haiwezekani, labda awe mfanyakazi wa hapa. Mlango wa stoo ukafunguliwa. Wote wawili wakanitazama.

Sasa bi mdogo ndiye anayechambua mchele hotelini kwangu. Hawasemezani. Mpishi akitaka chumvi iliyo upande wa mwenzake ananituma mimi, mwajiri wao, nami naenda. Jana ilikuwa siku ya kliniki. Bi mdogo alikuwa amesimama hapo hapo ubavuni kwa mpishi, anafunga mtandio.

"Mwambie," mpishi akaniambia, "asisahau kadi yake ya bima."