Kikombe cha Mlonge cha Kaka Lukasi

Nakumbuka asubuhi moja hapa Chiwata, mikorosho imechanua, kaka yangu Lukasi alipopita kwa Shangazi Magreti kunywa mlonge. Ndivyo walivyofanya vijana wote wapiga dawa ya wadudu: unakunywa maji ya majani yale, unabeba bomba mgongoni, unaingia shambani. Siku hiyo alipomaliza kikombe alifungua kitambaa alichojizibia pua, akakitupa juu ya uchanja wa vyombo.

"Kwani nimekunywa bure, Shangazi?"

Shangazi ndiye aliyechuma majani hayo, na watu walimfuata hata kutoka Newala. Ungedhani atafurahi kusifiwa. Wapi! Alimnyang'anya kikombe.

"We Lukasi, nimekupa cha kuusaidia mwili tu. Funga uso wako, la sivyo usirudi kwangu."

Lukasi akacheka, akaenda zake uso wazi. Msimu ule, na mingine iliyofuata.

Mwanangu, huyo Lukasi, baba yako, alianza kwa kuchoka, kisha fizi zikawa zinatoka damu. Tulipompeleka hospitali ya Ndanda tukaambiwa ni saratani ya damu. Alikufa wewe ukiwa tumboni. Nilimzika nikiwa na hasira naye, na mpaka leo hazijaisha. Msibani watu walinong'ona kwamba Shangazi ndiye aliyemponza kwa majani yake. Aliwasikia. Hakuchuma tena hata jani moja.

Juzijuzi nilimuuliza daktari mmoja. Akaniambia baadhi ya sumu za wadudu zaweza kuharibu vinasaba, yale maelekezo ya mwili tunayorithishana, ingawa hawezi kuapa kwamba ndizo zilizomuua Lukasi. Na mlonge je? Akasema wataalamu wanaichunguza mimea ya namna hiyo, huenda ikapunguza madhara, lakini kinachoonekana maabara bado si kinga ya mtu anayevuta sumu kutwa.

Na leo wewe umesimama mlangoni kwangu, bomba mgongoni, chupa ya mlonge mkononi, barakoa inaning'inia shingoni. Shikamoo yako nimeiitikia, lakini macho yangu yako kwenye hiyo barakoa. Mkeo ana mimba, jamani!

Mlonge kunywa, sikukatazi. Ila zibe pua na mdomo, vaa glavu, usipige dawa upepo ukikujia usoni, na ukirudi uoge, ubadili nguo, ndipo umsogelee mkeo. Mungu akulinde, mwanangu, mtoto wako akujue kwa sura, asikujue kwa kusimuliwa na mimi.

Haya, ipandishe hiyo barakoa nikiona.