Lebo za Mtwara

Enzi za ruksa, Kariakoo ilifurika bidhaa mpaka barabarani. Redio, mazulia, sabuni za kunukia, na kompyuta zilizochoka zilizoshushwa kutoka Dubai zikiwa bado na vibandiko vya ofisi za watu wengine. Mojawapo ilinunuliwa na mzee mmoja wa Kihindu aliyekuwa akisafirisha vifurushi kwa mabasi ya kusini, na mimi nikaitwa kuiandikia programu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa nikikatiza Mnazi Mmoja na disketi kwenye mfuko wa shati, nimevimba kichwa kwa kujua kitu ambacho mtaa mzima haukijui. Leo nikimkumbuka yule kijana natamani nimzabe kofi. Natamani pia niwe yeye, japo kwa asubuhi moja.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, na chumba cha nyuma walikokaa wapagazi. Palinukia udi, magunia na korosho. Kwenye kaunta alikaa mama wa makamo aliyetoka Newala miaka mingi nyuma. Kabla ya kompyuta, lebo zote za vifurushi aliziandika yeye kwa mkono, kwa mwandiko ambao wateja waliusifu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Hakungoja jibu. Korosho zilikuwa tayari mbele yangu, kwenye kipande cha gazeti. Nilikuwa nakaa mbali na mama yangu mzazi, na neno lile "mwanangu" nililifuata pale kila asubuhi kuliko hata hizo korosho.

Programu niliiandika kwa lugha ya C. Kazi yake ilikuwa kuchapa lebo: jina la mpokeaji, uzito, na kituo. Siku moja basi liliishia Lindi, siku nyingine lilipitiliza hadi Mtwara, kwa hiyo kituo kilibadilika kila asubuhi. Nilitumia vile tunavyoviita vigeu vya mazingira. Mashine ikiwaka husoma faili moja dogo na kushika maneno yaliyomo, na programu ikianza inaweza kuyauliza. Katika faili hilo niliweka mistari miwili. Wa kwanza ulisema KITUO cha leo ni kipi, wa pili ulisema DATA, yaani orodha ya vifurushi, imewekwa wapi. Programu isipopata jibu kuhusu kituo, niliiagiza iandike Lindi, maana mizigo mingi ilikwenda huko. Nilijiona mjanja kweli.

Wiki ya kwanza nilibadilisha kituo mwenyewe. Kisha nikamfundisha mama: fungua faili, nenda mstari wa kwanza, badilisha, washa mashine upya. Akaitikia, nikaondoka.

Siku chache baadaye vifurushi vya Mtwara vikashushwa Lindi. Printa ilikuwa chumba cha nyuma, na wapagazi walifunga lebo jinsi zilivyotoka, hivyo mama hakuziona. Kwa barabara ya kusini ya siku zile, na mvua zile, kifurushi kikishushwa pasipo pake kilikaa huko wiki nzima. Basi la Mtwara lililofuata, mambo yakawa yale yale. Wateja walijaa kwenye kaunta wakimfokea mama, tena wengine ni ndugu zake wa huko huko kusini.

Mzee akaniita. Nikaandika amri ya kuonyesha vigeu vyote, na kwenye kioo pakatokea KITUO ni MTWARA. Sawasawa kabisa. Basi nikatamka maneno ambayo ningekuwa na uwezo ningeyameza.

"Mzee, mashine haina tatizo. Labda mama anasahau asubuhi, halafu anakuja kurekebisha baadaye."

"Sijasahau hata siku moja, mwanangu," mama alisema.

Mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akipoteza wateja ambao baba zao aliwahudumia. Alimwambia mama kwamba Jumamosi itakuwa siku yake ya mwisho. Mama hakulia. Alifuta kaunta, ilhali ilikuwa safi.

Nilinakili faili lake kwenye disketi, zaidi ili nionekane nafanya kitu. Alhamisi mchana, katika ofisi ya kompyuta iliyoniajiri, nikalifungua. Badala ya mistari miwili ilikuwamo minane. Mama hakuwahi kugusa mstari wa kwanza. Kila asubuhi aliongeza mpya chini kabisa, kama alivyozoea kwenye daftari: cha leo chini ya cha jana, wala hufuti, kwa kuwa daftari lililofutwafutwa hutiliwa shaka. Nikacheka, nikadhani nimemnasa. Lakini mashine hufuata mstari wa mwisho, na wa mwisho ulikuwa sahihi. Kicheko kikanikauka.

Nikageukia mistari ya programu yangu mwenyewe. Ili kupata jina kamili la faili la orodha, nilikuwa nimeuliza DATA, kisha jina la faili nikaliunga palepale kwenye jibu. Kumbe jibu lile si lako. Unaonyeshwa tu pale lilipo. Na maneno yale yamepangwa ubavu kwa ubavu bila nafasi, kama vyumba vya nyumba yetu ya kupanga Magomeni, ukuta mmoja kati ya mtu na mtu. DATA ilipokuwa ya mwisho, nilijitanua kuelekea uani, sikumgusa mtu. Mama alipoongeza mstari wake chini, KITUO kikahamia mwisho, chumba cha jirani na DATA, na programu yangu ikakivunja. Kisha yenyewe hiyo hiyo ikauliza KITUO kiko wapi, isipate jibu, ikaandika Lindi kimyakimya. Na kwa kuwa programu hupewa nakala yake tu ya maneno hayo, ilipomaliza kazi uharibifu ulipotea nayo. Ndiyo maana kwenye kioo kila kitu kilikuwa safi.

Dawa yake ilikuwa mistari mitatu: nakili jibu kwanza mahali pako, ndipo uunge. Dakika kumi nikawa nimemaliza. Kutoka pale hadi kwa mzee ni mwendo wa robo saa, na sikwenda. Niliogopa kukosa kazi, niliogopa kuchekwa. Ijumaa yote nilishinda nikipanga maneno, hata nikafikiria kurekebisha bila kusema lolote.

Jumamosi asubuhi nikaenda. Mama alikuwa ameshafunga kikapu chake: kikombe, kalamu, mto wa kiti. Nikamweleza mzee yote.

"Mwambie yeye," alisema. "Si mimi uliyenitia aibu."

Nikamwambia mama, kwa mfano wa vyumba vya Magomeni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mstari wangu ulikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa, mama. Mimi ndiye niliyeingia chumbani kwako."

Akatoa kikombe kikapuni, akakirudisha kwenye kaunta. Mzee mwenyewe akamvutia kiti. Nilipumua.

"Na umeligundua leo?" aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo.

"Juzi, mama. Alhamisi mchana."

"Juzi," alirudia. "Mimi jana nimewaaga majirani."

Programu ile ilitumika pale miaka mingi. Kila nilipopita, korosho zangu ziliningoja kwenye kipande cha gazeti, na chai aliniulizia kama kawaida. Ila hakuniita tena mwanangu.

"Karibu, fundi," alikuwa akisema, nami niliitikia.