Ofisi ya Walimu Iko Kibarazani

Mara ya mwisho Mwalimu Swaumu Mustapha kuandika neno "mtoro" kwenye rejista ni miaka tisa iliyopita. Aliliandika wiki tatu mfululizo mbele ya jina la Geofrey, mtoto wa darasa la nne, na mtoto aliporudi akamchapa viboko vinne. Geofrey hakulia. Alisema tu kwamba uwele ulikuwa umekomaa, ndege walikuwa wengi, na bibi yake hakuwa na mtu mwingine wa kuamia shamba. Kesho yake hakuja. Mwaka uliofuata pia hakuja.

Sasa anasukuma mkokoteni wa magunia sokoni Majengo. Wakikutana humwamkia Swaumu vizuri, na adabu hiyo humuuma mwalimu kuliko tusi.

Tangu hapo, katika shule hii ya msingi ya serikali pembezoni mwa kata ya Kikuyu, Swaumu haandiki utoro. Humfuata mtoto nyumbani kwa miguu, kisha huandika sababu kwa penseli. Anaamia ndege. Sikio. Amefuata maji. Macho, kope zinamchoma.

Sababu hizo ndizo zilizozaa chumba. Kilikuwa stoo ya madawati mabovu, hadi mwalimu mkuu, Eliakimu, alipochoka kusomewa rejista kila Ijumaa, akampa Swaumu ufunguo. Siku hizi wazazi hukoroga uji humo asubuhi, watoto hunawa uso kwenye kibuyu chirizi mlangoni, na kila Jumatano nesi Ritha wa zahanati hukagua macho na masikio. Msimu wa ndege ukifika, wazazi hukutana humohumo kupangiana zamu za kuamia, shamba kwa shamba, ili watoto wabaki darasani.

Juni mwaka huu Castory, afisa elimu wa kata, aliingia ofisi ya walimu na barua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Barua inasemaje?"

Ilisema chumba kitumike kwa kambi ya watahiniwa wa darasa la saba kuanzia Jumatatu. Shule ilikuwa ya pili kutoka mwisho katika kata.

"Tunapimwa kwa mtihani, mwalimu, hatupimwi kwa uji," Castory alisema. "Na kwenye rejista andika utoro kama wenzako. Mtendaji awashughulikie wazazi."

"Mtoto mwenye usaha sikioni anamtoroka nani?"

"Hiyo ni kazi ya zahanati."

"Zahanati inakuja hapa kila Jumatano. Wewe ndiye unayeifukuza."

Mwalimu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Castory alinyoosha mkono.

"Ufunguo, mwalimu."

"Sitoi. Kambi inahitaji chumba, si lazima kiwe kile. Wapeni watahiniwa ofisi ya walimu."

Eliakimu aliinua kichwa. "Na sisi tukae wapi?"

"Kibarazani. Kusahihisha madaftari hakuhitaji dari."

"Na vumbi la Agosti?"

"Mkuu, kuna mtu hapa alizaliwa pasipo na vumbi?"

Eliakimu alitazama barua, akatazama rejista iliyokuwa wazi mezani, na maneno yake ya penseli. Kisha akainuka, akasogeza kikombe chake cha chai dirishani, akashika upande mmoja wa meza yake mwenyewe.

"Shika huko, mwalimu. Ni nzito."

Castory aliporudi Jumatano ya wiki iliyofuata kukagua kambi, watahiniwa arobaini na wawili walikuwa ndani ya iliyokuwa ofisi, wakikokotoa hesabu. Nje, meza sita zilipangwa kando ya ukuta, madaftari yamekandamizwa kwa mawe yasipeperuke. Mbele ya chumba cha Swaumu foleni ya nesi Ritha ilifika hadi kwenye mlingoti wa bendera.

"Ofisi ya walimu iko wapi?" Castory aliuliza. "Nisaini kitabu cha wageni."

"Umesimama katikati yake," alisema Swaumu, akamsogezea kitabu, jiwe likiwa bado juu.