Herufi Mbili za Baba

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka mitano, na alikuwa na seli mundu. Akishikwa na maumivu ya mifupa alikuwa analia mpaka sauti inakauka, mama anamkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto. Mie nilikuwa kidato cha nne, tunakaa Tandika, na ugonjwa huo ndio uliowaleta watafiti kwetu, daktari mmoja na muuguzi wake. Walikaa barazani wakatueleza kwamba huko nje wataalamu wameanza kusoma urithi wa mwanadamu herufi kwa herufi, na wao hapa wanataka kujua ugonjwa huu unatembeaje ndani ya familia. Walihitaji damu ya mtoto, ya mama na ya baba.

Mama na mdogo wangu walitolewa damu siku ileile. Baba alikuwa gereji kwake Manzese, kwa hiyo waliacha kadi yenye jina lake aende nayo zahanati. Baada ya siku tatu akasema, "Nimeshatoa," akaenda zake kuoga.

Majibu yakaletwa kwa bahasha. Mama alinipa nimsomee. Mtoto SS. Mama AS. Baba AA.

Ya baba sikuisoma kwa sauti. Mwalimu wa baiolojia alikuwa ametufundisha mwezi uleule: S ndiyo herufi ya ugonjwa, na mtoto mwenye S mbili kapata moja kwa mama, moja kwa baba. Baba hakuwa na hata moja.

"Na baba yako je?" mama akauliza.

"Haisomeki vizuri, mama. Daktari ataeleza."

Daktari alikuwa aje Jumamosi kuzungumza na wazazi wote wawili. Nilikuwa na siku nne. Kila nikirudi kutoka shule nilijifungia na daftari langu la siri nikachora vile vyumba vinne alivyotufundisha mwalimu, herufi za baba juu, za mama pembeni. Nilichora kurasa tatu. Hakuna chumba kilichotoa SS. Chini yake nikaandika, na mpaka leo naona haya kusema: "Mama ataachwa Jumamosi."

Kilichonitia hofu zaidi ni shangazi, dada yake baba. Alikuwaga na mzaha wake mmoja kila akija: "Haka katoto pua hii kameitoa wapi? Kwetu pua hii hatuna!" Watu wanacheka, mama naye anacheka. Wiki ile nilipokumbuka kicheko cha mama, nilikisikia vingine kabisa.

Ijumaa asubuhi sikwenda shule. Mama alikuwa anachagua mchele. Nikasema huku naangalia chini, "Mama, baba yake mdogo wangu ni nani?"

Ungo ukasimama. "Sema tena."

Nikampa karatasi na daftari, nikamweleza vile vyumba. Nilingoja kibao. Hakunipiga.

"Haya makaratasi ndiyo yamekwambia?"

"Ndiyo, mama."

"Ukayaamini."

Akaendelea kuchagua mchele.

Mchana baba alirudi kutoka msikitini pamoja na shangazi, wakakaa kwenye mkeka kula pilau. Mama akaiweka karatasi mbele ya baba.

"Baba watoto, daktari anasema damu yako haikumzaa mwanao. Mie simjui mwanamume mwingine, Mungu ndiye shahidi. Sema wewe."

Shangazi akarudisha tonge sahanini. "Astaghfirullah! Si nilisema, ile pua..."

"Dada, nyamaza."

Baba aliitazama karatasi, akatazama mlango. Jasho lilimtoka mpaka kola ya kanzu ikalowa. Hapo nikajua ana kitu anakijua, na kwamba anapima akiseme au akimeze. Shangazi alikuwa anamkodolea macho. Mama hakumharakisha. Wali ulipoa.

"Sikwenda mie," akasema mwishowe.

"Wapi?"

"Zahanati. Kadi nilimpa mtani wangu wa gereji, akatoa damu kwa jina langu." Akafuta uso. "Tangu utoto tunaambiwa kuna mumiani, watu wa kunyonya damu. Hawa wanaizungusha na magari, wanaipeleka nje... Sikuweza."

Shangazi akaangua kicheko. "Mwanamume mzima na ndevu zako! Unakimbia sindano, mwanao wa miaka mitano katulia!"

Mama hakucheka. "Ungenyamaza?" alimuuliza baba. "Kama dada yako angekuwa anakuogopesha kidogo zaidi, ungenyamaza?"

Shangazi alinawa mikono akaondoka bila kuaga.

Jumamosi daktari alipoelezwa, alishika kichwa, kisha akafungua mkoba. Baba akakaa kwenye kigoda, mkono umenyooka, macho kayafumba. Mama alisimama karibu yake akiangalia damu inavyopanda ndani ya bomba la sindano. Mie nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia.

"Njoo na wewe uangalie," mama akasema bila kugeuka. "Halafu nenda kaandike."

Nikaenda. Nilisimama pale mpaka sindano ikatoka.

Majibu ya pili yalipokuja, S ya baba ilikuwepo. Alimpelekea mama ile karatasi uani kwa mikono miwili. Mama alikuwa anamkanda mtoto miguu, hakuipokea.

"Mie ya nini?" akasema. "Mpelekee dada yako."

Baba akavaa viatu, akaenda.