Hilali Iliyolala Chali

Watu wakisema msikiti wa Kibondo una pembe, mimi siinamishi kichwa. Pembe hizo nilizichomelea mwenyewe, katika karakana yangu mjini Kasulu, na sijutii hata tone moja la chuma lililoyeyuka pale.

Mimi ni mtoto wa mfuga ng'ombe. Baba yangu ni Mha wa milima ya Kibondo, alisilimu angali kijana, kabla hajamwoa mama. Niliondoka nyumbani na begi la kuazima, nikarudi na stashahada ya uhandisi mitambo na mashine yangu mwenyewe ya kuchomelea. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Dar es Salaam nilikata vyuma mchana na kusoma jioni, na baadhi ya wanaume walionicheka katika karakana ya kwanza nilikuja kuwasimamia katika ya pili. Hakuna aliyenifukuza mjini. Nilirudi kwa kutaka. Leo ukitafuta geti la maana, uwe Munanila au Kagerankanda, utaelekezwa kwangu, nami sitajifanya nashangaa.

Msikiti wa Kibondo ulipomaliza kujenga mnara, kamati ilitafuta mtu wa kutengeneza hilali ya kuweka kileleni. Nilijitolea, chuma changu na kazi yangu. Nilifanya hivyo kwa ajili ya baba. Katika kiwanja hicho hicho, msikiti ulipokuwa bado wa udongo, yeye ndiye aliyefyatua matofali, na hajawahi kutajwa kwenye shukrani yoyote. Nilitaka awe na kitu chake pale juu. Niliwaambia kamati nitaitengeneza ninavyojua mimi. Walikubali bila kuuliza ninajua nini.

Nilichora duara mbili kwa msumari na uzi, moja ikiila nyingine, nikakata bati la chuma kisichoshika kutu, nikalijaza tumbo na kulisugua mpaka likang'aa. Tumbo nikaliweka chini juu ya bomba, ncha mbili zikatazama mbinguni. Sikufikiri mara mbili. Nilipokuwa mtoto mwezi mpya uliingia kwetu kwa baba kutoka zizini, miguu ina samadi, akatuita tutazame magharibi, juu ya milima ya upande wa Burundi. Mwezi aliotuonyesha ulikuwa umelala chali kama bakuli. Sikumbuki hata siku moja aliyotuonyesha mwezi uliosimama.

Niliifunga hilali kwenye pikapu na kuifunika shuka. Upepo ulivua shuka njiani, na niliposimama Makere kuifunga upya, mwanamume mmoja aliyekuwa anauza ndizi aliutazama mzigo, akaniuliza nimemchinja ng'ombe wa nani mwenye kichwa kikubwa hivyo. Nilicheka. Niliendelea kucheka mpaka Kibondo.

Hilali ilipandishwa siku ya Alhamisi. Ijumaa, watu walipotoka kuswali, mwenyekiti wa kamati alisimama uani akainua uso. Huyu ni Alhaji mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi pale mjini. Babu zake walitoka pwani, na yeye hakuachi usahau. Sisi Waha, hata tuliozaliwa ndani ya Uislamu, kwake ni wanafunzi wa jana. Baba alikuwa karibu naye, viatu mkononi. Walionisimulia ni wengi na maneno yao hayapishani. Alhaji alimgeukia baba akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mzee wangu, tuliomba hilali. Binti yako katuletea ng'ombe wa babaye."

Uani palicheka. Baba alivaa viatu vyake, akaenda nyumbani.

Ijumaa iliyofuata hakwenda msikitini, wala ile ya baada yake. Alisema magoti yanamsumbua. Magoti hayo hayo yalikuwa yanapanda mlima kila asubuhi nyuma ya ng'ombe. Mama akanipigia simu na kuniambia kwamba mzee anaswali peke yake karibu na zizi na hataki kuulizwa. Akaongeza kuwa kamati imepata fundi mwingine, atakata shina la hilali na kuigeuza ubavu kabla ya Idi ya kuchinja.

Nilifunga karakana siku hiyo hiyo.

Kamati niliikuta kwenye baraza la msikiti, Alhaji katikati, imamu pembeni. Imamu wetu ni kijana, msomi, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka unaanza kujitilia shaka. Nilisalimu, nikauliza kosa la kazi yangu ni lipi. Alhaji alikuwa amejiandaa. Aliweka mbele yangu mswala wenye picha ya mnara, na juu yake boksi tupu la tende.

"Tazama, binti. Huu mwezi na huu mwezi. Umesimama, pembe zinatazama kando. Ndiyo hilali ya Kiislamu, dunia nzima."

"Boksi hili limetoka wapi, Alhaji?"

"Uarabuni."

"Na wewe Ramadhani unafungua kwa mwezi wa kwenye boksi?"

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Alhaji alisema mimi nimesoma vyuma, sikusoma dini. Hapo ndipo aliponikosea kabisa, kwa sababu mimi nikikusudia kutengeneza kitu ninakisoma kwanza. Niliwaeleza nilichokisoma, na nilikieleza vizuri, wala siombi radhi kwa kusema hivyo. Mtume hakuacha alama ya mwezi. Bendera za watu wa mwanzo zilikuwa vitambaa vitupu vya rangi moja. Hilali ilikuwepo kwenye sarafu za wafalme wa Uajemi kabla Uislamu haujafika kwao. Waturuki ndio walioieneza, kwenye bendera zao na juu ya misikiti yao. Wapo wanaosema waliikuta katika mji walioutwaa, wapo wanaokataa, mimi sikuwepo. Walitawala Waislamu wengi kwa muda mrefu, basi walimwengu wakaizoea hilali kama jina letu, na sisi wenyewe tukaizoea. Nikamwambia Alhaji pia kwamba nimeishi pwani kwa babu zake, nikaswali katika misikiti ya kale kabisa, na juu yake sikuona mwezi wowote, si uliosimama wala uliolala.

"Kwa hiyo tuishushe," akasema Alhaji. Hakuwa mjinga, nampa hilo. "Kama ni ya kuazima, tuishushe tubaki na mnara."

Nilimjibu kwamba ikishushwa kwa sababu si nguzo ya dini, nitaipokea chini kwa mikono yangu na kwenda nayo. Lakini haitageuzwa ubavu ili ifanane na boksi. Mwezi unatwambia lini tufunge, lini tufungue, lini tuchinje. Kama tunauweka juu, tuuweke ule unaotwambia sisi. Kwa Waturuki jua huzama kwa mshazari, likaupiga mwezi ubavuni. Kwetu linashuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, linauwasha mwezi kutoka chini. Ndiyo maana wetu unalala.

Alhaji alisema ameona mwezi maisha yake yote na haulali.

Imamu ndipo akafungua mdomo. Alikumbusha kwamba Mtume aliulizwa juu ya miezi michanga, na jibu katika Kurani ni kuwa hiyo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa hija. Mwezi wa hija uko karibu kuandama. Tukautazame pamoja, akasema, halafu tuamue. Fundi mwingine aambiwe asubiri.

Jioni ya kutazama, mvua zilikuwa zimekwisha na mbingu ilikuwa safi, isipokuwa moshi mwembamba wa mashamba yanayochomwa. Tulikusanyika kwenye uwanja wa mpira ulio juu ya mji, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma kidogo. Baba nilimleta kwa pikapu. Alikubali kwa kuwa kutazama mwezi, alisema, si kwenda msikitini. Alisimama mbali na wenzake, mikono nyuma.

Jua likazama. Watu walinyoosha shingo kama wanaosubiri jina kusomwa. Nami nakiri nilikuwa na wasiwasi, maana wingu moja dogo lingetosha kuniharibia.

Aliyeuona wa kwanza alikuwa Alhaji.

"Ule pale," akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu, ya mtu aliyesahau kesi. Wengine hawakuuona. Akanyoosha mkono kuwaelekeza, na ili waelewe watafute nini, akakunja kiganja, vidole juu, kama anayekinga maji ya mvua. "Pale juu ya mti ule. Hivi. Uko hivi."

Alibaki hivyo, mkono hewani. Nilimwona anakitazama kiganja chake mwenyewe.

Mtu mwingine angenyamaza kwa heshima. Mimi nilisogea mpaka karibu na safu ya wanaume, nikamwomba Alhaji asishushe mkono, ili kila mtu aone vizuri mwezi wa Kiislamu ulivyo Kibondo. Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka baba.

Alhaji alijaribu. Alisema umeegemea. Kweli, ulikuwa umeegemea kulia kidogo, kama bakuli lililowekwa juu ya meza mbovu, nami nikamwambia kuna miezi unaegemea zaidi na kuna miezi unalala sawasawa kabisa, ila kusimama, huku kwetu hausimami. Basi akataka walau tuchomelee nyota katikati ya zile pembe. Nilikataa. Pale katikati ni mwili wa mwezi wenyewe, ule upande wa giza, nyota haiwezi kukaa mbele yake. Imamu alisema inatosha. Hilali ibaki kama ilivyo, na Ijumaa atawakumbusha watu kwamba ni pambo na ukumbusho wa nyakati, hakuna anayeiabudu.

Nilikuwa nimeshinda. Lakini baba, njiani kurudi, hakusema atarudi msikitini. Nilimuuliza. Akaniita mwanangu kwa Kiha: "Mwana wanje, chuma kimeshinda. Mimi ndiye niliyechekwa."

Siku chache kabla ya Idi nilikuwa nyumbani kwake Alhaji alipokuja, kanzu imekunjwa isishike matope ya zizini. Alisalimu kwa heshima yote, akaulizia hali, akaulizia magoti. Kisha akasema anatafuta fahali wa kuchinja, na amesikia mafahali wazuri wako hapa. Pale mjini kuna wauzaji watano walio karibu zaidi na duka lake.

Baba alimwacha asimame kidogo.

"Mwenye pembe, Alhaji, au asiye na pembe?"

Alhaji alitazama chini, kisha akatazama ng'ombe, na nilimwona anajizuia kucheka.

"Mwenye pembe, mzee wangu. Zote mbili, na zisiwe zimeguswa na msumeno." Akamgeukia baba. "Na unisamehe kwa maneno ya siku ile. Niliyasema mbele za watu, nitayafuta mbele za watu."

Akayafuta, asubuhi ya Idi, uani pale pale, kabla ya takbira kwisha. Baba alikuwa safu ya mbele.

Sasa nasikia Alhaji anawaambia wageni kwamba kamati yetu ilikaa ikaamua hilali ilale kama mwezi wa Kibondo. Nikipata nafasi namsahihisha, mbele ya wageni hao hao. Baba yeye bado anaiita pembe, kila akiinua macho, na kwake sijawahi kusahihisha neno.