Mstari Nilioongeza Kwenye Barua ya Fundi

Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji nilikuwa mkalimani wa daktari wa Kijerumani hapa Kilwa Kivinje. Kijerumani nilikiokota forodhani. Kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili barua za wafanyabiashara, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, niliogopa kila siku kuumbuka. Ukurasa wenye herufi moja iliyopinda niliuandika upya wote.

Asubuhi moja alikuja mwashi mmoja wa Songo Songo, aliyekuwa akijenga ukuta wa boma. Alikuwa akikohoa damu. Daktari alimwambia, kwa kinywa changu, kwamba ana kifua kikuu.

Alasiri yake akanifuata nyumbani nimwandikie barua kwa mkwewe. Alitaka mkewe aletwe, chumba amekwishapata.

"Mwambie mimi mzima," akasema.

Niliandika. Lakini alipoondoka, neno lile lilinikera. Nikaongeza chini kwamba daktari amemkuta na kifua kikuu, anatema damu. Nilijiona mkweli. Naungama kwamba nilifurahi pia kuonyesha kuwa mimi ndiye niliyejua.

Mkwewe hakujua kusoma. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimsomea barazani, watu wamejaa.

Baada ya siku kumi fundi alirudi. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika.

"Mke wangu kazuiwa na baba yake," akasema. "Na aliyeleta habari kaniuliza mbele ya vibarua kama bado natema damu."

"Nilitaka barua iwe kamili, fundi."

"Nilikuomba mkono. Kichwa nani alikuomba?"

"Lakini angekuja bila kujua."

"Angejua kwangu, tukiwa wawili. Kisha aamue yeye, si baraza."

Nikamwomba nimwandikie nyingine. Akaketi, akasema polepole: ni kweli naumwa, asiyetaka kuja asije, lakini aulizwe mwenyewe.

Nikamsomea.

"Tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Na chini?"

"Chini hakuna kitu."

Akaichukua karatasi, akaigeuza kuhakikisha nyuma ni nyeupe, ndipo akaikunja.

Jibu lilipofika hakuniletea mimi. Alimpelekea mwandishi mwingine amsomee. Mkewe hakuja. Alijibu nini, au kama aliulizwa, sijui. Mara mbili nilimkuta yule mwandishi sokoni, na swali lilikuwa mdomoni. Sikuuliza.