Mtoto wa Chini ya Ngazi

Wajukuu nyinyi, mumenitupa jongoo na mti wake! Tangu Idi hata salamu hakuna. Basi mumeyakosa makubwa ya leo.

Alfajiri nimemaliza kusali, nasikia mtoto mchanga analia kwenye gofu la jirani.

Moyo ulinipasuka. Nani kamtupa kiumbe wa Mungu?

Nikaingia na leso yangu. Gizani, chini ya ngazi, nikapapasa. Kitu kina joto, chatetemeka! Nikamfunika gubigubi, mbio naye hadi barazani.

Bi Zuhura, jirani yangu, akatoka: "Nipe nimlee mimi, shoga. Wewe na mgongo huo?"

"Mgongo huu umelea tisa! Muite Mzee Shee wa msikitini amuadhinie sikioni kwanza."

Mzee akaja, akafunua leso kutafuta sikio la kulia.

Sikio akaliona. Kubwa kama upawa, tena lacheza!

Komba, wallahi, yule mnyama wa usiku aliaye kama mtoto!

Karuka juu ya kofia ya Mzee, huyo paani na mkia wake. Mzee kaketi chini.

Bi Zuhura acheka mpaka sasa. Mimi sicheki. Nilishampa jina la marehemu babu yenu.

Mwanaisha, wewe uliyejifungulia Nairobi, ukija nijie na huyo kitukuu wangu ambaye sijampakata. Leso nimeshaifua.